Tupeane uzoefu: mechi iliyokuvunja moyo ukiwa uwanjani

Mnyama wa Mburahati
Wakuu habari za asubuhi. Leo kwenye daladala konda kaniona na jezi nyekundu, akanyoosha mkono mzima, vidole vitano, mbele ya uso wangu. Hata nauli hajadai. Simjui, hanijui. Nimerudishwa moja kwa moja 5 Novemba 2023, Uwanja wa Mkapa, siku Simba yetu ilipokula tano kwa moja za Yanga. Mapumziko tuko moja moja, Kibu kasawazisha mapema, roho imetulia kabisa. Kipindi cha pili Nzengeli, Aziz Ki, Nzengeli tena, Pacôme kamalizia kwa penalti. Nipo mzunguko, nimebanwa kote, na jirani yangu kila goli ananikumbatia kwa furaha akidhani mimi mwenzake, kwa sababu nilikuwa nimejifunika koti.

Tusimulieni zenu. Ila waliokuwepo uwanjani tu. Za kibanda umiza tuziache.

Binti Jangwani
Pole mtani. Yangu ni ya 20 Oktoba 2013. Mapumziko Yanga tunaiongoza Simba 3-0, Ngassa moja, Kiiza mbili. Pale jukwaani watu wameshaanza kuhesabu, tunataka kulipa zile tano walizotufunga 2012 siku hiyo hiyo. Kaka yangu akampigia simu shemeji yetu wa Simba, akamwambia aandae pilau. Tumerudi kipindi cha pili, Mwombeki, Owino, Kaze. 3-3! Kipenga cha mwisho kilivyolia wao wanashangilia kama wamechukua ubingwa, sisi tumeshika vichwa. Hatukufungwa, lakini sijawahi kutoka uwanjani na uchungu ule.

Chama la Wana
Siku hiyo watu wetu wa Simba walishaanza kutoka mapumziko. Wapo ambao mpaka leo hawaitaji.

Mtoto wa Twiga
Hiyo 3-3 ilikuwa mbaya kuliko kufungwa. Naunga mkono.

Msimbazi Damu
Nyie watani mna moyo wa kulia sare wakati 19 Julai 1977 ipo? Simba tuliwafunga sita bila. Kibadeni peke yake tatu. Hamjarudisha mpaka leo.

Mtoto wa Twiga
Kila mwaka 1977. Semeni na sababu basi. Yanga ilikuwa imepasuka, wachezaji wakubwa wameondoka kuanzisha Pan African. Mlicheza na kikosi kilichobaki. Mbona 1968 hamwitaji? Tano bila, na ilikuwa Yanga kamili.

Msimbazi Damu
1968 Simba haikuwepo. Ilikuwa Sunderland. Jina la Simba limekuja 1971.

Mtoto wa Twiga
Sawa, basi futeni na mwaka wenu wa 1936. Mlizaliwa 1971, sisi 1935. Shikamooni hamjatupa bado.

Msimbazi Damu
Kubadili jina si kuzaliwa upya. Timu ni ile ile.

Mtoto wa Twiga
Ahsante. Kwa hiyo tano za 1968 ni zenu.

Mzee wa Keko
Vijana, mwenye mada kauliza habari ya uwanjani, na hiyo 1968 hamkuwepo nyote. Mimi nilikuwepo Novemba 1993, Shamba la Bibi, wakati huo tunauita Uwanja wa Taifa. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Abidjan tumetoka bila bila. Mwameja golini, beki tuna Masatu. Mji mzima umeamini kombe limeshafika, linasubiri kukabidhiwa. Watu wa Yanga wenyewe, si wote lakini wengi, walikuja kushangilia, maana hakuna klabu ya nchi hii iliyowahi kufika pale. Rais Mwinyi yupo jukwaani. Tumeingia asubuhi, jua linatuchoma, na hakuna aliyelalamika. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja kutoka Morogoro. Alikuja na kitambaa chekundu kipya, bado kina lebo ya duka, amekikunja kwenye mfuko wa shati. Akasema hakifungui mpaka kombe linyanyuliwe.

Goli la kwanza lilipoingia tulisema bado. Tukaimba zaidi, watu wakapiga mabati ya uzio kwa viganja. Stella hawakuwa na haraka. Wanapasiana, wanatuacha tukimbie, kisha wanatoka kwa kasi. Wachezaji wetu walikuwa wanapiga mpira kama unawachoma miguu. Goli la pili… Boli Zozo. Watu wa umri wangu ukilitaja jina hilo wanakunja uso. Baada ya hapo uwanja ulinyamaza kiasi kwamba tuliwasikia Waivory Coast wakiitana kwa Kifaransa. Maelfu ya watu, na unasikia sauti ya mtu mmoja katikati ya uwanja.

Hakuna aliyerusha chupa. Hakuna aliyetukana. Watu walikaa tu. Wale waliokuwa wanauza karanga nao wamekaa, sinia zipo mapajani. Kombe likanyanyuliwa mbele yetu na bado hatukuondoka. Yule mzee alinipa kile kitambaa, akasema, "Chukua, wewe bado kijana, utakitumia." Nimetoka pale na wenzangu kwa miguu hadi Keko, hakuna aliyesema neno.

Nimeziona nyingi baada ya hapo. Zamalek 2003 tumewatoa kwa penalti kule kwao Cairo, Kaseja akiwa golini. Nkana ya Zambia Desemba 2018 nilikuwepo, goli la kisigino la Clatous Chama dakika za mwisho. Nilifurahi sana, lakini havijaifuta ile siku.

Chama la Wana
Mzee wangu shikamoo. Kitambaa bado unacho?

Binti Jangwani
Mzee nimesoma mara mbili. Baba yangu Yanga damu na alikuwepo siku hiyo kuwashangilia. Anasema hivyo hivyo, ule ukimya.

Mtoto wa Twiga
Pole mzee. Ila tuweke rekodi sawa. Sisi Yanga fainali yetu ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 hatukuzidiwa. USM Alger walitufunga 2-1 hapa, tukaenda Algiers tukawafunga kwao 1-0, penalti ya Djuma Shaban. Jumla 2-2. Walichukua kwa faida ya goli la ugenini tu.

Msimbazi Damu
Kombe lipo Jangwani au Algiers?

Mama Abuu
Hiyo 28 Mei 2023 naomba tusiitanie. Nilikuwa getini na wanangu wawili. Msukumo ulianzia nyuma, miguu yangu ikaacha kugusa chini. Mdogo nilimpitisha juu ya vichwa vya watu, akapokewa na kijana nisiyemjua, mwenye jezi ya Simba. Mtu mmoja alipoteza maisha pale nje na wengi waliumia. Ndani Mayele alisawazisha, kabla hatujakaa chini wakafunga tena. Mimi siikumbuki mechi. Namkumbuka yule kijana. Kama unasoma hapa, Mungu akuweke.

Mnyama wa Mburahati
Dada yangu, pole sana. Sikutegemea mada ifike huku.

Chama la Wana
Ushauri wangu: mechi kubwa fika saa nne asubuhi, kula ndani.

Fundi Selemani
Mimi nasema kinyume. Ingia mpira ukishaanza, geti jeupe.

Mama Abuu
Ukiwa na mtoto usiende mechi ya fainali kabisa. Mpeleke za ligi, za katikati ya wiki.

Fundi Selemani
Na koti usivae. Mwenye mada kakumbatiwa mara nne kwa sababu ya koti.

Mzee wa Keko
Kitambaa ninacho. Nilikifungua siku ya Zamalek, nyumbani, redio ikiwa mezani. Lebo niliiacha.

Msimbazi Damu
Mzee, lakini Zamalek hukuwa uwanjani. Mwenye mada kakataza.

Mnyama wa Mburahati
Mzee anaruhusiwa. Wewe endelea kumjibu Mtoto wa Twiga kuhusu 1968.