Nafundisha jumuiya Alhamisi, dogo kaniuliza Walawi inatuhusu nini, nisaidieni

fundi_wa_Uyole (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, Bwana Yesu asifiwe kwa wanaoitikia, na wengine salamu tu. Mi ni fundi cherehani hapa Uyole, chuo cha biblia sijawahi kukanyaga, ila mwinjilisti wetu kapata safari ya mwezi mzima basi wazee wakaona mimi ndo nishike jumuiya mpaka arudi, sijui waliona nini kwangu. Yeye alianza na watu kusoma Biblia toka mwanzo, Mwanzo wakaenda vizuri, Kutoka vizuri, halafu kaniachia mlangoni mwa Walawi akapanda basi!

Alhamisi iliyopita nasoma pale habari za figo mbili na mafuta ya ini, watu kimya, mtoto mmoja kalala, dogo mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono akasema fundi, haya mafigo yananihusu nini mimi, si turuke twende kwa Yesu. Nikamwambia ni neno la Mungu. Akasema najua ni neno la Mungu, nauliza linasema nini. Aisee nilitoka jasho na baridi lote lile la Uyole.

Nimerudi nyumbani nikachukua Biblia ya marehemu bibi yangu, ile Union Version ya zamani. Ukiifunga ukaitazama ubavuni unaona Zaburi na Injili kingo zake zimekuwa nyeusi kwa vidole, lakini Walawi mpaka Nyakati kweupe kama imetoka dukani jana. Bibi alisali miaka yote ile na hakupita huko. Kwahiyo swali langu, hii ni nguo moja kweli au ni viraka vilivyoungwa na sisi tunasema nguo? Alhamisi hii wananisubiri.

Kipanga_Mafinga

Ruka mkuu, hata mwinjilisti alikimbia humohumo 😂

mama_parachichi

Kamwene fundi. Usiruke. Mi nipo Njombe, nilikwama hapohapo kama miaka mitano hivi, kila Januari naanza Mwanzo, Machi nimeishia kwenye ukoma na ukungu wa nyumba, naacha. Kilichonisaidia ni kuacha kusoma kama sheria sheria na kusoma kama kesi ya familia moja. Anzia Mwanzo 12, Mungu anamwambia Ibrahimu mambo matatu, nchi, uzao, na kwamba katika yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Basi ukishika hizo ahadi tatu kila kitabu unakiuliza, ahadi imefika wapi leo? Mke tasa, ahadi iko hatarini. Wako Misri utumwani, uzao upo nchi hakuna. Daudi kapata ufalme unasema sasa imetimia, hola, baada ya Sulemani ufalme unapasuka vipande viwili, mwisho Babeli wanachoma Yerusalemu mwaka 586 KK na watu wanaswagwa uhamishoni, nchi imeondoka tena. Halafu unafungua Mathayo sura ya kwanza, yale majina tunayoyarukaga wote, mstari wa kwanza kabisa unasema Yesu mwana wa Daudi mwana wa Ibrahimu. Yaani Mathayo anakwambia ile kesi yenu haijafungwa, mwenye ahadi ndo huyu hapa.

Na angalia kina mama waliomo mle, Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria. Ruthu ni Mmoabu na Torati ilishasema Mmoabu asiingie mkutanoni mwa Bwana, lakini ndo bibi mzaa babu yake Daudi (Daudi kazaliwa na Yese, Yese kazaliwa na Obedi, Obedi mtoto wa Ruthu). Jamaa zote za dunia zilishaanza kuingia zamani ila sisi tulikuwa tunaruka majina.

Kimondo_Mbozi

Nisamehewe mapema maana najua mtanirukia. Vitabu 66, waandishi kibao, karne na karne, wengine hawajawahi kuonana, halafu mnasema stori moja? Hiyo stori mmeishona nyie wasomaji. Wayahudi wana maandiko hayohayo ya agano la kale na wala hawaoni Yesu humo. Mhubiri anaingiaje kwenye ahadi ya Ibrahimu? Esta ya Kiebrania haimtaji Mungu hata mara moja.

mwl_mstaafu_Tukuyu

Kimondo mwanangu hakuna wa kukurukia, umesema jambo. Ni kweli Wayahudi wanavipanga tofauti, kwao kitabu cha mwisho ni Mambo ya Nyakati, kinaishia na Koreshi mfalme wa Uajemi anawaambia watu wapande kwenda Yerusalemu. Sisi tunaishia na Malaki anayesema Eliya atakuja. Mpangilio wao unafunga watu wakiwa wanaitwa nyumbani, wetu unafunga watu wakiwa wanachungulia njia nani anakuja. Kwahiyo ndiyo, mpangaji ana mkono wake. Ila na kuunganisha hakukuanza na sisi wa leo, Luka 24 wale wawili wa njia ya Emau wamevunjika moyo, yule mgeni akaanza kutoka Musa na manabii wote akawaeleza. Huwezi kuwa Mkristo halafu ukasema viraka havihusiani. Marcion, mwalimu mmoja wa zamani, alijaribu karne ya pili, akalitupa agano la kale lote, kanisa likamkataa.

Sasa fundi, mambo ya figo. Ukisoma mwisho wa Kutoka, sura ya 40, hema la ibada la Waisraeli limesimamishwa, utukufu wa Bwana umelijaza, na Musa mwenyewe HAWEZI kuingia. Musa! Mtu aliyepanda Sinai. Funua ukurasa, Walawi 1:1, Mungu anamwita Musa akisema naye kutoka hemani, maana yake Musa yuko nje. Ruka sasa mpaka Hesabu 1:1, Mungu anasema na Musa katika hema. Umeona? Kitabu kinaanza mtu yuko nje, kinaisha yuko ndani. Yote ya katikati, damu, figo, ukoma, ni jibu la swali moja tu, mtu mchafu anaingiaje alipo Mungu mtakatifu bila kufa. Na katikati yake kabisa, sura ya 16, ni siku ya upatanisho, kuhani mkuu anapita pazia linalofunga chumba cha ndani kabisa cha hema, mara moja kwa mwaka.

Na hilo pazia nalo lina habari yake. Kutoka 26 inasema lifumwe makerubi, wale viumbe wa mbinguni wenye mabawa. Makerubi umeshakutana nao wapi? Mwanzo 3, Adamu kafukuzwa bustanini na makerubi wamewekwa upande wa mashariki kulinda njia ya mti wa uzima. Basi kila kuhani akitazama lile pazia anaona wale walinzi wa mlango uliofungwa. Sasa nenda Mathayo 27:51 Yesu anakata roho, pazia likapasuka toka juu hata chini. Halafu nenda mwisho kabisa Ufunuo 21 na 22, mji hauna hekalu, milango haifungwi, na mti wa uzima umerudi, upande huu na upande huu wa mto. Mi nilifundisha darasa la saba miaka mingi ila hiyo niliiona nimeshastaafu, nikaweka kitabu chini nikatoka nje kwenye migomba nikasimama tu.

kijana_wa_Kihesa

Amina mwalimu!! Na kuna ile kamba nyekundu Rahabu aliyofunga dirishani Yeriko (Yoshua 2) ni damu ya Yesu pia

mama_parachichi

Mdogo wangu wa Kihesa taratibu. Hapo ndo watu wanapoharibu, kila kitu chekundu ni damu, kila mti ni msalaba, kila maji ni ubatizo. Mathayo mwenyewe alikuwa na adabu zaidi yetu. Chukua pale anaposema kutoka Misri nalimwita mwanangu, ni Hosea 11, na Hosea hapo anaongelea taifa la Israeli lililotoka utumwani, hatabiri mtoto yeyote. Mathayo analijua hilo, anachofanya ni kuonyesha Yesu anapita njia ileile ya Israeli, Misri, kisha majini, kisha jangwani siku 40 badala ya miaka 40, na walipoanguka wao yeye anasimama. Hiyo ni tofauti na kukamata kamba.

Na Kimondo, Mhubiri sijui anaingiaje, mi namsomaga msimu bei ya parachichi ikishuka.

Tosa_original

Nasi Wakatoliki tuna 73 msitusahau jamani, Wamakabayo wanaziba lile pengo la baada ya Malaki. Fundi ushauri wangu, usiwabebeshe yote usiku mmoja. Chukua hilo pazia tu.

Kimondo_Mbozi

Hiyo ya Walawi 1 na Hesabu 1 nimeenda kuangalia, ipo kweli. Bado nabisha ila ipo.

fundi_wa_Uyole

Wakuu nimerudi, shikamoo mwalimu, mama asante sana. Jana tulikuwa kwa mama mmoja ana nyumba ya vyumba viwili, katikati ya sebule na chumba kuna pazia la kitenge, nikasema leo hatuna kingine. Nikamwambia dogo wa bodaboda simama hapa, wewe ni Musa, Mungu yuko chumbani, unaingiaje? Akasema nabisha hodi. Watu wakacheka, nikawasomea Kutoka 40, kicheko kikaisha. Basi tukaenda, nikaeleza makerubi, tukafika Mathayo 27 nikataka kulivuta lile pazia mama mwenye nyumba akaniambia fundi ukilichana unalishona mwenyewe bure, nikalisogeza tu pembeni. Ila waliona. Yule mtoto hakulala safari hii.

Figo sikuzifikia, muda uliisha. Tunanyanyuka kwa sala ya mwisho dogo akaninong'oneza, fundi, sasa pazia limeshachanika, wale makerubi waliokuwa wanalinda pale mlangoni wameenda wapi? Nikamwambia Alhamisi ijayo. Mwalimu naomba ujitokeze kabla ya Jumatano.