Injini mbadala za kutafuta zinatuuzia faragha nusu, na sisi tunapiga makofi

Wakuu, leo nina povu, mnisamehe. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa "brauza gani ni nyepesi", mada ni tofauti kabisa.

Humu ndani mtu akilalamika tu kwamba Google inamfuata kila kona, wanajitokeza washauri kumi na jibu moja: hama. Hamia DuckDuckGo, hamia Ecosia, hamia Qwant, utalala usingizi. Haya, nimehama. Na kadiri ninavyochimba ndivyo hasira inavyopanda, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia nahamia kwa nani hasa.

Mnakumbuka tarehe 23 Mei 2024? Bing, injini ya kutafuta ya Microsoft, ilipata hitilafu. DuckDuckGo ikawa haileti kitu. Ecosia nayo chali. Kampuni mbili tofauti, moja Marekani na nyingine Ujerumani, moja inakuonyesha bata na nyingine inakuambia inapanda miti, zote zimezima siku moja kwa sababu mitambo ya mtu wa tatu imekwama. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba "mbadala" yao ni unga wa kiwanda kile kile uliobandikwa lebo nyingine.

Nielewe vizuri kabla hujaanza kunirushia mawe. Kujenga indeksi yako mwenyewe, yaani ile orodha ya kurasa ambamo injini inachota majibu, ni kazi ya kutisha: uwe na roboti zinazopita mtandaoni mchana na usiku zikisoma mabilioni ya kurasa, uzihifadhi, uzirudie tena zikibadilika, kisha uzipange. Kwa hiyo wengi wanakodi. DuckDuckGo kwa sehemu kubwa inategemea Bing. Startpage ya Uholanzi inajulikana kwa kukupelekea swali lako Google bila IP yako (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti) na kukurudishia majibu. Wenye indeksi yao wenyewe wanahesabika: Mojeek ya Uingereza imekuwa ikikusanya kurasa zake kwa miaka mingi, Brave Search ilianza 2021. Qwant ilifunguliwa 2013 na Ecosia 2009, lakini ni Novemba 2024 ndipo walipotangaza ubia wa kujenga indeksi ya Ulaya. Miaka yote hiyo walikuwa wanakula mezani kwa nani? Na mwenye meza akiamua kukunja kitambaa huna la kumfanya: Agosti 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kuwauzia waundaji wadogo matokeo ya Bing, wakabaki wakubwa wenye mikataba yao maalumu.

Kukodi si kosa. Kinachoniudhi ni kukodi kimya kimya, habari yenyewe ukaizika kwenye ukurasa wa msaada ambao hakuna anayeufungua, huku ukurasa wa mbele umejaa "uhuru" na "faragha". Ni gharama gani kuandika chini ya matokeo, kwa herufi zinazosomeka: haya yametoka Bing?

Sasa tuje kwenye lile linalonikera kuliko yote, matangazo. Jaribuni wenyewe. Fungua mojawapo ya injini zinazopata matangazo yake kwa Microsoft, tafuta kitu chenye hela ndani yake, mkopo au bima, halafu bonyeza lile tokeo la juu kabisa lenye neno dogo la kijivu "Tangazo". Kodoa macho kwenye upau wa anwani. Mimi nilifanya hivyo kwa injini moja ambayo siitaji jina. Kufumba na kufumbua ikapita anwani ya bing.com, kisha ukurasa wa muuzaji ukafunguka, na mwishoni mwa anwani yake pameandikwa msclkid= ikifuatiwa na mkia mrefu wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Huo mkia ni kitambulisho cha mbofyo wako. Anayeutoa ni Microsoft. Muuzaji akiwa ameweka kipande cha msimbo wa Microsoft kwenye tovuti yake, ukinunua kitu taarifa inarudi nyuma kwamba mbofyo fulani umezaa mauzo.

Na kule nilikotoka bado pameandikwa kwamba hawanifuatilii! Kisheria wala hawajadanganya. Wao hawafuatilii. Wamenisindikiza mpaka mlangoni wakanikabidhi kwa mwenzao. Ukiwauliza wanakwambia mshirika wao ameahidi kutotumia mbofyo huo kukutengenezea wasifu. Ameahidi. Google nayo ina ahadi nyingi tu.

Wale wa "DuckDuckGo haiwezi kufanya mambo hayo", nawakumbusha Mei 2022. Mtafiti wa usalama Zach Edwards alionyesha kwamba brauza yao ya simu, ile ile inayojisifu kuzuia vifuatiliaji, ilikuwa inavizuia vya Google na Facebook lakini inaviacha vya Microsoft vipite kwenye tovuti za watu wengine. Bosi wao Gabriel Weinberg akakiri kwamba ni kwa sababu ya mkataba wa matokeo ya utafutaji. Agosti mwaka huo huo, baada ya kelele, wakatangaza kuanza kuzuia na vya Microsoft. Kurekebisha wamerekebisha, sawa. Lakini kama yule jamaa asingechungulia?

Halafu hata hiyo kuhama yenyewe, nani kasema tunaruhusiwa? Kwenye simu yangu nimebadilisha injini ndani ya mipangilio ya brauza. Kile kisanduku cha kutafutia kilichoganda kwenye skrini ya mwanzo hakina habari, bado kinanipeleka kule kule, na ukikibonyeza kwa muda mrefu ukitaka kukitoa hakitoki. Sasisho likipita, brauza inaniuliza tena kwa upole kama sipendi kurudi kwenye chaguo "linalopendekezwa": kitufe cha ndiyo kikubwa, cha bluu, cha hapana ni maandishi mepesi utadhani mapambo. Huu si uzembe wa msanifu. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2021 peke yake Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la mwanzo kwenye simu na brauza. Apple walipokea dola bilioni 20 mwaka 2022. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Hakuna anayelipa hela hiyo kama watu wanabadilisha mipangilio.

Msiniambie kuhusu hali fiche (incognito) ya brauza. Inafuta historia kwenye kifaa chako ili anayeshika simu yako asione, basi. Google ilishtakiwa kwa hilo mwaka 2020, na kwenye mapatano ya 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliodhani wamejificha.

Kwetu sisi kuna kero nyingine juu ya hizo. Indeksi ndogo zina kurasa chache za Kiswahili. Unaandika swali lililonyooka, unaletewa kurasa za lugha nyingine au blogu iliyokufa zamani. Unarudi Google kwa hasira. Na angalia ni maswali gani tunayaandika kwa Kiswahili: dalili ya ugonjwa, ndoa, deni, mtoto. Ya kazi tunaandika kwa Kiingereza. Yaani yale ya ndani kabisa ndiyo tunayompelekea yule tuliyemkimbia.

Atakuja mtu hapa na ile ya "kama huna la kuficha". Kasome ya AOL, Agosti 2006. Walitoa hadharani utafutaji wa miezi mitatu wa watu kama 650,000, karibu maswali milioni 20, majina yameondolewa na kuwekwa namba. Namba tu! Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times wakawa wamemfikia mama mmoja nyumbani kwake, kwa kusoma alichokuwa anatafuta. Hakuwa mhalifu. Alikuwa ameuliza mambo ya maisha yake.

Kwa sasa nimebaki na Mojeek na Brave Search kwa mambo ya kawaida, Startpage nikikwama, na matangazo sibofyi. Nikitaka duka naandika anwani yake mwenyewe. Wa SearXNG, ile programu unayoweka kwenye seva ikakukusanyia majibu ya injini nyingine, nawaona mnakuja. Ni nzuri, lakini ukiiendesha kwenye seva yako peke yako, hiyo seva ina mtumiaji mmoja, na Google na Bing wanaona IP yake kila siku. Waalike wenzako angalau mchanganyike.

Na wewe uliyeshaanza kuandika "tumia VPN": VPN inabadilisha IP. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, unachoandika kwenye kisanduku kinafika kikiwa na jina lako juu yake, hata ukipitishia nchi saba.