Mjadala: Fedha za utafiti wa kilimo zirundikwe pamoja, au vituo vidogo kama Abi vipewe fungu la miaka mingi?

Mwanzisha mada, Arua

Ndugu zangu, msimamo wangu nautoa mapema. Kituo kidogo cha utafiti kama Abi hapa kwetu kipewe fedha za miaka mitano hadi kumi mfululizo, na wakulima wa West Nile, kanda yetu ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, washiriki kuamua kitafiti nini. Wapo wanaosema huko ni kutapanya shilingi chache tulizo nazo. Waje tubishane.

Kwa asiyefahamu: NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, linaendeshwa kwa sheria ya 2005 na makao yake makuu yako Entebbe. Chini yake zipo taasisi za kitaifa kama Namulonge, Kawanda na Serere, kisha vituo vya kanda: Abi kwa ajili yetu, Ngetta kule Lira, Nabuin Karamoja, Kachwekano Kabale na vingine. Hivi vya kanda ndivyo vilivyo karibu na shamba. Fedha zao za serikali hupitia fungu la NARO bungeni, na zilizobaki hutegemea miradi ya wafadhili.

Sasa tazameni kalenda. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai mosi na kuisha Juni 30, na kwa sheria fedha zisizotumika hurudi Hazina. Muhogo uliopandwa kwa mvua za Aprili unakaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Maana yake jaribio moja tu la muhogo linavuka bajeti mbili. Na huo ni muhogo. Mti wa shea, ambao Waacholi hukamua kwake mafuta ya moo yaa, huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa ukiota wenyewe. Wataalamu wanajua kubebesha miche ili muda huo upungue, lakini hata hivyo unahitaji mtu wa kuitunza na kuipima mwaka baada ya mwaka, tena kwenye udongo wa hapa hapa. Mradi wa miaka miwili au mitatu unafungwa miche ikiwa bado inafika magotini. Gari linarudishwa, kijana aliyeajiriwa kwa mkataba anakwenda kutafuta kazi Kampala, na mbuzi wanamaliza kilichobaki. Tunaita hayo kilimo endelevu?

Jambo la pili ni ushirikishwaji. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka bajeti ipate cheti cha usawa wa jinsia na haki, waziri wa fedha akishauriana na Tume ya Fursa Sawa. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, nchi nyingi hazina kitu kama hicho. Ila tunakuta ushirikishwaji unaishia kwenye orodha ya mahudhurio: wanawake wangapi walikuja semina, walemavu wangapi walitia sahihi. Wanaookota kokwa za shea ni wanawake. Wao ndio wanaojua mti upi huzaa kila mwaka na upi hupumzika. Nani amewauliza kabla pendekezo la mradi halijaandikwa?

Mchangiaji, Mukono

Kaka wa Arua, hoja yako ina uchungu wa kweli, lakini nakupinga. Kumbuka batobato ya muhogo. Ugonjwa ule ulianza kuenea kwa kishindo Luwero mwishoni mwa miaka ya 1980, ukashuka nchi nzima, na Teso watu wakalala njaa. Kilichotuokoa ni mbegu kinzani za NASE zilizotoka kwa wataalamu wa Namulonge. Zilitoka kwa sababu watu, vifaa na fedha vilikaa mahali pamoja kwa miaka. Mwaka 1997 wanasayansi walipogundua kwamba ni virusi wawili waliochanganyika, kazi ile ilihitaji maabara halisi. Huwezi kujenga maabara ya namna hiyo Arua, Lira, Moroto, Kabale na Hoima kwa pamoja.

Tena fedha zenyewe ni kidogo. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti, na sisi tuko mbali sana na hapo. Ukigawa kidogo hicho kwa kila kanda ili kila mtu aridhike, utapata posho na mafuta ya gari, hutapata mbegu. Bunge lenyewe mwaka 2024 lilirudisha mamlaka ya kahawa na ya barabara wizarani kwa sababu ya gharama. Wewe unataka kwenda kinyume.

Afande mstaafu, Koboko

Nasema machache. Mei 2023 Rais alitoa Amri ya Utendaji namba 3 kuzuia mkaa wa biashara kaskazini. Amri ni nzuri. Lakini raia amezuiwa asikate mti, na hakuna aliyemletea mti mwingine unaokua haraka pamoja na maelezo ya kuupanda. Kazi hiyo ni ya kituo cha utafiti. Wapeni fedha, muwakague.

Mwalimu, Yumbe

Nawasalimu wote. Mnazungumza kuhusu West Nile bila kuwataja wakimbizi, na hapa kwetu hilo haliwezekani. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti 2016, na kufikia Desemba mwaka huo huo yalikuwa yamejaa. Kuni za watu wote hao zinatoka kwenye miti hiyo hiyo ya mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyetoa ardhi. Ukimtafiti mkulima wa Yumbe peke yake ukamwacha jirani yake aliyetoka Yei, Sudan Kusini, umepata nusu ya jibu.

Halafu jingine. Matangazo ya ruzuku za utafiti huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa mtandaoni. Kikundi cha akina mama wenye kitalu cha miche hawatajua kwamba tangazo lilikuwepo. Wengi wao Kiswahili wanakielewa, wengine Kilugbara au Kiarabu cha Juba. Redio zipo. Kwa nini zisitumike?

Mwanzisha mada, Arua

Asante sana mwalimu. Hilo la wakimbizi nalichukua lote, na la redio vilevile.

Dada wa Mukono, maabara ibaki Namulonge, sina ugomvi nayo. Ila simulizi lako limekata nusu ya njia. Mbegu za NASE zilizalishwa Namulonge, lakini ilibidi zijaribiwe kanda kwa kanda, kwa sababu muhogo unaofaulu Luwero unaweza kuwa mchungu au mgumu kuiva huku, na mkulima akaukataa. Kisha pingili zikazidishwa vijijini, zikagawiwa kutoka shamba hadi shamba. Leo tunapambana na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na kazi ni ile ile: nusu maabara, nusu udongo. Ninachoomba ni fedha za nusu ya pili, za muda mrefu, zisizokatika Juni 30.

Na kuhusu uchache: mwaka 2019 serikali iliweza kuipa Makerere mfuko wa utafiti na ubunifu ulioanza na shilingi bilioni 30. Sijutii hata shilingi moja ya mfuko huo. Lakini inaonyesha kwamba nia ikiwepo fungu linapatikana, na kwamba lilipopatikana lilitua Kampala. Muni iko hapa Arua tangu 2013, chuo cha umma, umbali mfupi kutoka Abi. Vyuo kama hivyo na vituo vya kanda vingeweza kupewa mfuko mmoja, na hesabu zake zisomwe hadharani mbele ya baraza la wilaya kila mwaka. Hapo posho zitajificha wapi?

Mchangiaji, Mukono

Nikubaliane nawe kuhusu mfuko wa pamoja na Muni, kwa sharti moja: kila miaka mitatu wakaguzi kutoka nje ya kanda wapime kazi, na isiyoendelea ifungwe. Hata ya shea.

Mwanzisha mada, Arua

Miaka mitatu kwa muhogo, sawa. Kwa shea siwezi kukubali, dada. Mwaka wa tatu mkaguzi atakuta miche isiyo na tunda hata moja, ataandika kwamba kazi haikuendelea, na atakuwa amefuata kanuni. Waliopo hapa wanaofanya kazi ya miti, tuambieni: mwaka wa tatu mnapima nini?