Shakwe mwenye nusu kofia nyeusi Sabaki: nimthibitisheje?

pwani_darubini: Wadau, naomba ushauri. Kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kuna shakwe mdogo katikati ya shakwe kichwa-kijivu. Mgongo wake umekoza kuliko wao, kisogo cheusi, na jicho limezungukwa na weupe mnene. Nashuku ni shakwe wa Franklin wa Amerika Kaskazini. Picha zote amesimama. Zinatosha?

Bawa Wazi: Hazitoshi. Kichwa kinakupa fununu, bawa ndilo linaloamua. Franklin aliyekomaa ana mkanda mweupe unaotenga kijivu cha bawa na weusi wa ncha. Ndugu yake, Leucophaeus atricilla, shakwe mwingine wa Amerika anayefanana naye, hana mkanda huo. Mdomo wa huyo ndugu ni mrefu zaidi na umeinama kidogo nchani. Akiwa hajakomaa, usitafute mkanda, tazama mkia: mstari mweusi wa Franklin haufiki manyoya ya pembeni kabisa, wa ndugu yake unafika. Na weusi wa mgongo usiuamini peke yake, jua la pembeni hudanganya. Mlinganishe na kichwa-kijivu aliye kwenye picha hiyohiyo, aliyegeukia upande uleule.

pwani_darubini: Ncha za mabawa zinaonekana fupi, kama zimekatwa.

Bawa Wazi: Hiyo ni habari nzuri sana, huenda anabadilisha manyoya! Franklin hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo shakwe wengine wengi hawafanyi. Lakini manyoya ya ncha yakiwa bado yanaota, mkanda unaweza usionekane. Hesabu mapya na ya zamani, uandike.

mchanga_na_maji: Nenda alfajiri, kabla mchanga haujapata moto, mvuke wa joto huharibu picha. Maji yakijaa, ndege husogezwa karibu, basi kaa chini usubiri, usiwafukuze ili waruke. Kasi ya kamera iwe 1/1600 ya sekunde au zaidi, na punguza mwanga wa picha kwa 0.7 (kwenye kitufe cha +/-), la sivyo weupe wa bawa unaungua na mkanda unapotea. Piga juu na chini ya bawa.

Bawa Wazi: Andika maelezo papo hapo, kabla ya kufungua kitabu. Hifadhi picha asilia bila kuzikata, saa ya kamera iwe sahihi. Kwenye eBird, tovuti ya kuandikisha ndege walioonekana, mwache kama shakwe asiyetambuliwa mpaka bawa lipatikane, kisha peleka kila kitu kwa kamati ya rekodi adimu ya Afrika Mashariki, pamoja na sababu za kumkataa yule ndugu yake.