Guangzhou hadi Yiwu: ndege au treni?

Mwana_Kariakoo: Wakuu, poleni na mihangaiko. Nashukia Guangzhou, China, nalala mtaa wa Xiaobei siku mbili, kisha mji wa Yiwu kutafuta vyombo vya plastiki. Kwa anga ni kama kilomita 970, masaa 2 tu. Treni ya mwendokasi masaa 6 hadi 7. Sasa mbona watu wanang'ang'ania treni?

Mama_Sampuli: Mdogo wangu, hesabu kuanzia unapofunga mlango wa hoteli. Metro mpaka uwanjani karibu saa nzima, ufike masaa 2 kabla, ukishuka usubiri begi. Hapo masaa 5 na nusu yameshakwenda. Na kuanzia Juni mpaka Septemba, radi na tufani vinaweza kukulaza uwanjani. Treni inaondoka kwa dakika yake.

FundiSimu: Mimi bado ni mtu wa ndege. Uwanja wa Yiwu ni mdogo na uko karibu na mji, begi huligombanii. Ila ndege ni chache kwa siku. Ukikosa ya asubuhi, soko la Futian, lile kubwa la Yiwu, utalikuta linafungwa. Halafu angalia pawabenki! Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Yangu iliishia kwenye ndoo pale ukaguzi. Simu asilimia 9, na humo ndimo mlikuwa na anwani ya hoteli na hela zote za WeChat, app ya kulipia.

Eastleigh_Boy: Imetengenezwa kwao, inakataliwa kwao 😂

Bi_Reli: Treni ina mtego wake. Nilipanda metro Xiaobei, nikashuka kituo kimoja mbele, Guangzhou Huochezhan. Si maana yake kituo cha treni? Ndiyo, ila yangu ilikuwa inaondokea Guangzhou Nan, yaani kituo cha Kusini! Ikabidi laini ya 2 mpaka mwisho, dakika 45 za kusimama na begi miguuni, nikaikosa. Siku hizi kuna na Guangzhou Baiyun, kituo kilichofunguliwa Desemba 2023, na uwanja wa ndege nao unaitwa Baiyun. Dereva wa teksi ukimwambia "Baiyun" tu, umeyataka.

Mama_Sampuli: 😂 Pole shoga. Mzigo je? Ndege nyingi za ndani ni kilo 20. Treni nayo kanuni ni kilo 20, lakini sijawahi kuona mtu akipimiwa begi.

Mzee_wa_Kontena: Mmesahau treni ya usiku ya vitanda. Zaidi ya masaa 12, ndiyo, lakini hulipii hoteli. Chukua kitanda cha chini. Cha juu kabisa ni cha vijana, ukikaa kichwa kinagonga dari.

Mwana_Kariakoo: Wazee wangu, nimeelewa. Kwenda nakata mwendokasi ya asubuhi, kurudi nitaona begi lina uzito gani. Tiketi ya karatasi napewa wapi?

Bi_Reli: Hakuna karatasi, pasipoti ndiyo tiketi. Na hifadhi hii kama picha umwonyeshe dereva, ni Guangzhou Nan kwa Kichina: 广州南