Hivi kazi ya fasihi inakuwa kubwa kwa sababu gani hasa?

msomaji_wa_usiku
Habari zenu wadau. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu. Shule tumefundishwa fani na maudhui, unaorodhesha dhamira, wahusika, mtindo, migogoro, unapata alama zako unasepa. Ila sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwa nini kitabu hiki ni bora kuliko kile, maana kwa staili ile ya kuorodhesha kila kitabu kina dhamira, hata kile kibovu kabisa. Nimesoma riwaya kibao zinazokemea rushwa, ukimwi, ndoa za utotoni, ujumbe safi hakuna wa kuupinga, lakini ukifunga kitabu ndo basi, baada ya muda hata jina la mhusika mkuu hulikumbuki. Halafu kuna vitabu vya miaka ya sabini huko watu wanabishana navyo mpaka leo. Sasa ukubwa unatoka wapi, ni ujumbe, lugha, tuzo au umri tu?

mzee_wa_tamthilia
Mdogo wangu umeuliza swali la maana sana. Nakupa mfano mmoja, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Nchi ilikuwa bado changa, angeweza kabisa kuandika tamthilia ya kumsifia shujaa wa Maji Maji, Wajerumani wabaya sisi wazuri, watu wapige makofi warudi nyumbani. Hakufanya hivyo. Kinjeketile wake anawapa watu maji, makabila yaliyokuwa hayapatani yanaungana, halafu yeye mwenyewe anaanza kuingiwa na mashaka, ila neno limeshamtoka na limekuwa kubwa kuliko yeye, kulirudisha hawezi tena. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani wanamtaka aseme maji yale ni uongo, anakataa, kwa sababu akisema hivyo basi vizazi vitakavyokuja vitaambiwa kila kilichopiganiwa kilikuwa upuuzi. Haya niambie, alifanya sawa? Watu wamekufa kwa kuamini yale maji! Ukisema alikosea una hoja, ukisema alipatia una hoja vilevile, na mimi nimeshaona watu wazima wakikosana kabisa kwa swali hili baada ya onyesho. Ukubwa uko hapo, mwandishi kakuachia jambo ambalo hakulimaliza. Hizo riwaya zako za rushwa zimemaliza kila kitu humo humo ndani, msomaji hana kazi ya kufanya.

binti_wa_Lamu
Kaka umenena, lakini lugha umeiacha wapi? Kuna kazi kubwa ambazo hazina swali la kubishania hata kidogo. Tazama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anaukanya moyo wake kwamba dunia inapita, basi. Jambo hilo khatibu yeyote hulisema Ijumaa. Mbona hotuba twazisahau na utenzi huu uko nasi tangu mwanzoni mwa karne ya 19? Kwa sababu hakuishia kusema dunia yapita, katuingiza ndani ya majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, tukaona walivyokuwa wakiishi, kisha anatuonyesha yale madaka ya ukutani mlimokuwa mkipangwa sahani za Kichina, sasa makinda ya ndege yamelala mle mle na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Ukishaliona lile daka huna haja ya kuambiwa lolote. Na sikiliza ubeti unavyokwenda, mishororo mitatu ina kina chake, wa nne hurudi kwenye kina kile kile kimoja tangu juu hadi chini, yaani hata ukigeuza uso upande gani unarudishwa palepale, na ndilo jambo lenyewe analolisema. Haya mtu aniambie hapo fani inaishia wapi maudhui yaanzie wapi.

mwanafasihi_Nakuru
Wacha niwapinge kidogo, mnaongea kama vitabu vinajichagua vyenyewe. Paradise, riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, ilitoka 1994 na mwaka huo huo ikafika fainali ya tuzo ya Booker, lakini huku kwetu wengi hata jina lake hawakulijua. Akapewa Nobel ya fasihi 2021 ndo kila mtu anamtafuta, na tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Kitabu kilikuwa kile kile miaka yote hiyo. Halafu mchukue Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania. Kichomi ilipotoka 1974 na mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo, yaani wale wanaoshikilia kanuni za zamani, walisema hayo si mashairi kabisa. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kusomeshwa darasani. Kwa hivyo tusichanganye ukubwa na kukubalika, kuna kazi nzuri sana imelala mahali haijapata hata mchapishaji, na hilo linaniuma kweli.

binti_wa_Lamu
Hapo tuko pamoja dada. Ila ona pia Utendi wa Mwana Kupona, 1858, mama mgonjwa anamuusia binti yake namna ya kuishi na mume. Hakungoja tuzo wala mtaala, watu waliunakili kwa mkono na kuuhifadhi kwa moyo. Mimi mengi aliyoyausia siyakubali, na mamangu anayakubali yote, na sote wawili twaupenda. Ujumbe peke yake hauwezi kufanya hivyo.

msomaji_wa_usiku
Asanteni sana aisee, hii ya kupenda kitu usichokubaliana nacho imenifungua. Sasa vipi kuhusu Nagona, ile riwaya nyingine ya Kezilahabi? Nimeisoma nikatoka mtupu, je kazi inaweza kuwa kubwa wakati wasomaji wengi haiwafikii?

mzee_wa_tamthilia
Kwangu inaweza, ila usiing'ang'anie kutafuta hadithi iliyonyooka kama ya Rosa Mistika, humo hamna. Isome kwa sauti, kidogo kidogo, fuata picha zinazojirudia, kisha chukua riwaya yake Mzingile uisome hapo hapo maana zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Ukimaliza bado hujaguswa rudi hapa useme, maana mimi nina jamaa yangu msomaji mzuri tu anayeikataa mpaka kesho na hoja zake sijaweza kuzimaliza.