Nimeuziwa matairi ya kawaida kwa jina la ranflati, kisha nikalaumiwa kwa kuliendesha tairi bila upepo

Ndugu wanajukwaa,

Siku tisa zimepita tangu tairi la mbele la gari langu lichanike barabarani usiku, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Nimeuziwa kitu ambacho sikukiomba, nimehakikishiwa kwa mdomo kuwa ndicho nilichokiomba, na niliporudi kulalamika nimeambiwa kwamba kosa ni langu. Naeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini wapo wengine wanaotembelea matairi ya namna hii bila kujua.

Gari lenyewe ni Corvette C6, gari la spoti. Wenye magari haya wanajua kwamba halina tairi la spea, halina jeki, na hata ukiinunua spea hutapata mahali pa kuiweka. Kiwanda kiliamua hivyo tangu Corvette C5, toleo lililotangulia langu, ilipoingia sokoni mwaka 1997, kwa sababu gari hilo lilitoka likiwa limevalishwa ranflati, yaani matairi ambayo ubavu wake umeongezewa raba nene na ngumu kiasi kwamba upepo ukiisha kabisa, ubavu wenyewe unaubeba uzito wa gari. Kwa kawaida watengenezaji huruhusu uendeshe kilomita 80 katika hali hiyo, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, ili ufike kwa fundi au nyumbani. Kwa hiyo, kwa gari kama hili, ranflati ndiyo spea yenyewe. Anayekuuzia tairi la kawaida huku akiliita ranflati amekunyang'anya spea bila wewe kujua, na utakuja kugundua siku utakapoihitaji.

Matairi yangu yalikuwa yamekaribia kuwa vipara, yote manne, nikaenda kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Nilimwambia mambo mawili tu, na niliyarudia: saizi ni 245/40ZR18 mbele na 285/35ZR19 nyuma, na lazima yawe ranflati. Aliniletea manne. Nikamuuliza kama ana hakika, akainama, akaweka kidole kwenye maandishi ya tairi la mbele, juu ya herufi ZR kabisa, akasema, "Bosi, si unaona hii Z? Hiyo ndiyo ranflati." Nikamwamini. Nilimwamini kwa sababu kuuza matairi ndiyo kazi yake ya kila siku, na mimi hununua mara moja katika miaka kadhaa.

Herufi hizo hazina uhusiano wowote na kutembea bila upepo. ZR ni alama ya mwendo, inayoeleza kwamba tairi limetengenezwa kwa magari yanayoweza kupita kilomita 240 kwa saa, na R peke yake inahusu jinsi nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa. Tairi la kawaida kabisa la gari la spoti linaandikwa ZR, na ranflati nayo inaandikwa ZR. Alama ya ranflati huandikwa mahali pengine kwenye ubavu, na kila kampuni ina yake: Michelin huandika ZP, Bridgestone huandika RFT, Continental huandika SSR, Goodyear huandika ROF na zamani ilikuwa ikiandika EMT. Kwenye matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya BMW utakuta RSC, kwenye yale ya Mercedes utakuta MOE, na kwenye Nissan GT-R ile F imeingizwa ndani ya saizi yenyewe, ikasomeka ZRF20. Nimeyajua haya yote baada ya kuumia, ilhali muuzaji alipaswa kuyajua kabla hajafungua mlango wa duka lake. Matairi mawili ya nyuma aliyoniuzia ni ranflati kweli, yana alama. Ya mbele hayana alama yoyote.

Sasa nieleze ya usiku ule. Nilikuwa naendesha, mama yangu mzazi ameketi kando yangu, barabara haina taa wala bega la kuegesha gari. Dashibodi ilionyesha kwamba tairi la mbele kulia, ambalo upepo wake ukiwa baridi ni psi 30, limeshuka hadi 22, na muda mfupi baadaye likasoma 9. Sikuogopa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: sikuogopa kwa sababu niliamini nina kilomita 80 mkononi. Nilipunguza mwendo, nikamwambia mama atulie, hii ni ranflati na tutafika nyumbani. Hatukumaliza hata kilomita tatu. Usukani ulianza kuvuta kulia, kisha ukatikisika mikononi mwangu, ukafuata mlio wa chuma kikisaga lami, na gari likajivuta lenyewe kuelekea kwenye mtaro. Tulisimama hatua chache kutoka ukingoni. Mama yangu alikaa pale gizani kwa muda wa karibu masaa matatu tukisubiri gari la kutuvuta, na ningekuwa nimeambiwa ukweli dukani ningesimama mapema mahali penye mwanga, upepo ulipofika 22, kabla hata tairi halijaharibika.

Kesho yake fundi alilivua tairi mbele ya macho yangu. Alipoligeuza, ulimwagika unga mweusi wa raba, mwingi wa kujaza viganja viwili, na ndani ya ubavu palikuwa na mstari uliozunguka tairi zima ambapo raba ilikuwa imesagika hadi nyuzi zikaonekana. Ubavu wa tairi la saizi hii una urefu usiofika sentimita 10, hivyo upepo ukitoka, rimu inashuka na kuubana dhidi ya lami kila gurudumu linapozunguka, hadi unakatika. Fundi akachukua ubavu wa tairi la pili la mbele, lililokuwa limevuliwa pia, akaukandamiza kwa kidole gumba na ukabonyea bila shida. Akaniambia nijaribu na lile la nyuma. Nilisukuma kwa viganja viwili na uzito wa mwili wangu, halikutetereka. Dakika moja ya kufanya hivyo dukani, kabla tairi halijavalishwa, ingetosha.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na tairi lililochanika na rimu iliyolika ukingo. Jibu lake, nalinukuu kama alivyolitamka: "Tairi hili umeliendesha bila upepo, ndiyo maana limekufa. Hatuwezi kulirudisha." Nawaomba muisome sentensi hiyo mara mbili. Mtu aliyeniuzia tairi akidai linatembea bila upepo ananinyima fidia kwa sababu nimelitembeza bila upepo! Kama ni ranflati, basi limeshindwa kazi yake ndani ya kilomita tatu na lina hitilafu. Kama si ranflati, basi ameniuzia kisichoombwa. Hakuna njia ya tatu, na yeye hakutaka kuchagua hata moja kati ya hizo mbili. Alipobanwa, alihamia kwenye hoja kwamba "saizi ni ile ile, gari halijui tofauti."

Gari linajua tofauti. Wiki mbili kabla ya pancha nilikuwa nimehisi kwamba gari haliingii kwenye kona kama zamani: sehemu ya mbele inachelewa kujibu usukani, inalegea kwanza, kisha nyuma inafuata kwa ukakamavu. Nilidhani ni alaimenti, nikalipia alaimenti, na hali ikabaki vilevile. Kumbe nilikuwa nimevalishwa mbavu laini mbele na mbavu ngumu nyuma. Watengenezaji wa magari na wa matairi wanakataza kuchanganya ranflati na matairi ya kawaida kwenye gari moja, na sababu ni hiyo hiyo niliyoisikia kwenye mikono yangu. Kwenye gari linalotembea taratibu pengine usingegundua haraka, lakini kwenye gari hili kona moja ya mwendo inatosha kukuweka mahali pabaya.

Nilipoanza kuchunguza, nikayakuta na mengine. Kila tairi lina namba inayoanza na herufi DOT, na tarakimu zake nne za mwisho hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la nyuma kushoto linasomeka 3922, yaani wiki ya 39 ya mwaka 2022, na mwenzake wa kulia linasomeka 1418, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2018. Yameuzwa kwa bei moja, kama mapya pacha, na yanatofautiana miaka minne. Raba hukauka hata ikiwa stoo, na matairi mawili yanayosukuma gari kwa pamoja hayapaswi kuwa na umri wa kaka na mdogo wake.

Pia sensa ya upepo ya gurudumu la nyuma kulia ilivunjwa wakati wa kuvalisha, na hawakusema neno. Tangu siku ile dashibodi inaonyesha vistari mahali pa namba, nami nilipouliza nikaambiwa itajirekebisha yenyewe. Sensa ile imefungwa pamoja na valvu, ndani ya rimu. Ubavu wa ranflati ni mgumu, hivyo fundi asiye na mashine yenye mkono wa kusaidia, au asiyejali valvu iko upande gani anapoung'oa ukingo wa tairi kwenye rimu, ataivunja. Nayo si pambo: tairi la ranflati likiisha upepo halionyeshi kwa macho, wala dereva hahisi mara moja, hivyo bila sensa unaweza kuzimaliza zile kilomita 80 bila kujua kwamba ulikwisha kuzianza.

Najua watakuja watu kuniambia kwamba niachane na ranflati, ninunue ya kawaida na kubeba pampu na dawa ya kuziba pancha. Siwapingi. Ranflati ni nzito zaidi, hugongagonga kwenye barabara mbovu, na ikishatembea bila upepo mafundi wengi hukataa kuiziba kwa kuwa hawawezi kujua ubavu umeumia kiasi gani kwa ndani. Hata kiwanda cha Corvette chenyewe, kilipotoa Z06, Corvette yake ya mwendo zaidi, ya mwaka 2001, kiliiweka kwenye matairi ya kawaida na kumpa mwenye gari dawa na pampu, kwa sababu kilitaka gari jepesi linaloshika barabara vizuri zaidi. Lakini mwenye Z06 aliambiwa. Alijua kwamba ubavu ukikatika dawa haitamsaidia, akachagua akiwa macho wazi, na pampu yake ilikuwa kwenye buti. Mimi sikuwa na pampu wala dawa, kwa sababu nilikuwa nimelipia ranflati.

Ninachodai nimekiandika kwa barua na nimeipeleka kwa mkono: nirudishiwe fedha za matairi yote manne, kwa kuwa sitakubali tena kubaki na mawili ya umri tofauti, nilipwe gharama ya rimu, ya sensa na ya gari lililotuvuta, na risiti iandikwe upya ikitaja jina kamili la kila tairi lililouzwa, pamoja na alama zake. Risiti niliyopewa imeandikwa "matairi 4" na basi. Hapo nakiri nilipaswa kukataa, na safari ijayo sitatoa fedha kabla sijaona alama ya ranflati, namba ya mzigo (uzito ambao tairi linaweza kuubeba) na tarakimu nne za DOT zikiwa zimeandikwa kwenye risiti kama zilivyo kwenye ubavu.

Kwa wenye magari yasiyo na spea, nawaomba mtoke nje sasa hivi na tochi mkasome mbavu zote nne, za ndani na za nje, kwa maana alama nyingine huandikwa upande mmoja tu. Na yeyote aliyewahi kurudishiwa fedha katika kesi inayofanana na hii aniandikie hapa ni hoja gani ilimfanya muuzaji akubali. Tairi lililochanika ninalo, lile zima la mbele ninalo, ule unga mweusi nimeuweka kwenye chupa, na muuzaji ameahidi kunijibu Ijumaa.